Hema la Harusi: Linunuliwe au Likodiwe?

Posa ikiisha kukubaliwa na mahari kusemwa, ndipo jamaa wa pande mbili waanzapo kuhesabu gharama za harusi. Hesabu hiyo aghalabu huanza na chakula, ikaenda kwenye nguo, na mwisho ikafika penye jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku ikaribie: wageni watakaa wapi? Zamani jambo hili halikuwa na uzito. Vijana walikata miti na matawi, wakajenga banda uani, na kesho yake matawi yakaliwa na mbuzi. Siku hizi miti haikatwi ovyo, mashamba yamegawanywa vipande vidogo, na wageni wamezidi kuwa wengi. Kwa hivyo, toka Naivasha hata Molo, na toka Subukia hata Rongai, ni nadra kuona harusi isiyo na hema. Lililobaki ni shauri moja: hema hilo linunuliwe, au likodiwe?

Achukuliwe kwa mfano mkulima mmoja wa Bahati, karibu na Nakuru, mwenye ekari tatu na ng'ombe wawili wa maziwa. Mwanawe wa pili ataoa mwezi wa Desemba, na binti yake mdogo atahitaji karo ya shule mwezi wa Januari. Jamaa wamekutana nyumbani kwake kufanya mashauri. Ndugu yake mdogo, mtu mwenye maneno ya nguvu, ndiye wa kwanza kusema.

"Kaka," asema, "kila mwaka jamaa yetu ina sherehe. Leo ni harusi, kesho ni ruracio, na msiba nao haupigi hodi. Kila mara twakodi hema, na fedha zikitoka hazirudi. Wazee walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Uza ng'ombe mmoja, ununue hema lako mwenyewe. Harusi ikiisha tutalikodisha kwa majirani, nalo litarudisha fedha zake."

Maneno haya si ya upuuzi, na yamesemwa katika nyumba nyingi. Ni kweli kwamba fedha ya kukodi ikiisha kulipwa imekwenda zake. Ni kweli vilevile kwamba ndoa moja huweza kuhitaji hema zaidi ya mara moja: kwa Wakikuyu kuna ruracio na ngurario, kwa Wakalenjin kuna koito, na baada ya hayo kuna siku yenyewe ya kanisani. Tena mwenye hema lake haogopi kuambiwa, wiki moja kabla ya harusi, kwamba mahema yote yamekwisha kuchukuliwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana harusi nyingi huwekwa Jumamosi, tena katika miezi ya Agosti na Desemba, watoto wakiwa likizoni na watu wa mjini wakiwa nyumbani.

Lakini jambo likiwa na sababu nzuri halijawa bado jambo la faida. Sharti lipimwe kwa hesabu. Mwana mkubwa wa mkulima huyo ni karani katika mji wa Nakuru, naye achukua karatasi na kalamu.

"Baba mdogo," auliza kwa adabu, "hema hilo litaenea watu wangapi?"

"Watu mia," ajibu.

"Na wageni wetu ni wangapi?"

Hapo pana kimya, kwa maana orodha ya wageni imekwisha kufika mia tatu. Mwenye kuuza ng'ombe na kununua hema moja la watu mia atakuwa bado na watu mia mbili juani, naye itampasa kukodi mahema mengine mawili. Atakuwa amenunua na kukodi pamoja, akabeba mizigo miwili kwa siku moja.

Kisha yafuata hesabu ya fedha. Tarakimu zilizo hapa ni za mfano tu, maana bei hubadilika kwa mahali na kwa wakati; kila mtu aweke tarakimu za kwao. Ikiwa hema la watu mia lauzwa shilingi 120,000, na kulikodi kwa siku moja ni shilingi 5,000, mtu mwepesi wa hesabu atasema kwamba siku 24 za kulikodisha zatosha kurudisha fedha zote. Hesabu hiyo ina tundu. Hema haliendi lenyewe kwa miguu. Lataka gari la kulipeleka na kulirudisha, lataka vibarua wa kulisimamisha na kulishusha, lataka kuoshwa, na kila baada ya safari chache lataka kushonwa. Ikiwa mambo haya yala shilingi 2,000 kila mara, mwenye hema abakiwa na 3,000 tu. Basi fedha zake hazirudi kwa siku 24, bali kwa siku 40.

Siku 40 si nyingi zikitajwa kwa mdomo. Lakini mwaka una Jumamosi 52 tu. Ziondolewe zile za Kwaresima, ambazo makanisa mengi hayapendi zitumiwe kwa harusi. Ziondolewe zile za Januari, ambapo kila mzazi amebanwa na karo. Ziondolewe zile ambazo majirani wamekodi kwa mtu mwingine, maana mwenye hema hakosi washindani, na wengine wana mahema ishirini na gari lao wenyewe. Jamaa inayotumia hema lake mara mbili kwa mwaka, bila kupata wapangaji wengine, itangoja miaka 20 ifike siku 40. Na hema linalopigwa jua na mvua ya Bonde la Ufa haliishi miaka 20.

Hili lataka kuelezwa. Mahema ya harusi yanayoonekana siku hizi ni ya namna mbili hasa. Yako ya turubai la pamba, na yako ya kitambaa kilichopakwa plastiki. Turubai la pamba ni baridi wakati wa jua kali, lakini ni zito, na likikunjwa likiwa na maji huota kuvu kwa siku chache, likaoza. La plastiki halinywi maji, na hufutwa kwa urahisi. Lakini jua likilipiga miaka mingi hukauka, likapasuka penye mikunjo. Namna zote mbili zina adui mmoja ghalani, naye ni panya. Mkulima awekaye hema lake pamoja na magunia ya mahindi amemwandalia panya chakula na kitanda mahali pamoja. Wala lisitumiwe hema kuanikia mahindi, kama wengine wanavyofikiri, wapate faida maradufu. Kazi hiyo ina maturubai yake ya bei nafuu. Hema likikokotwa chini penye mawe na vijiti hutoboka, na tundu dogo juu ya kichwa cha bibi harusi si dogo tena mvua ikinyesha.

Mvua yenyewe katika nchi ya Nakuru haina urafiki na kalenda ya harusi. Mvua ndefu huanza Machi au Aprili ikaendelea hata Mei. Kisha mwezi wa Agosti, ambao watu hupenda kuoana, mvua huzidi tena. Na Novemba huja mvua fupi. Panapokauka, mwezi wa Januari na Februari, huja upepo na vumbi. Jina lenyewe la Nakuru, lililotoka katika Kimaasai, aghalabu huelezwa kuwa na maana ya mahali pa vumbi, na aliyeweka keki yake mezani wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi. Molo na Mau Narok, kwenye miinuko, jioni ni ya baridi kali, nako hema bila kuta za pembeni ni kama nyumba isiyo na mlango.

Upepo ndio wa kuogopwa zaidi. Hema lisilofungwa vizuri ni sawa na tanga la jahazi: upepo ukiingia chini yake, lataka kusafiri. Mahali pengi karibu na Nakuru udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na kigingi kifupi hung'oka kwa urahisi. Watu wa kazi hii hutumia vigingi virefu vya chuma vilivyopigwa kwa kulala, wakaongeza vingine pembeni. Penye sakafu ya saruji hufunga kamba kwenye mapipa yaliyojazwa maji au mchanga. Pipa la lita 200 likijaa maji lina uzito wa kilo 200 hivi. Paa nalo lataka kuvutwa likazike. Likilegea, maji ya mvua hukusanyika juu yake kama katika bakuli, na kila lita moja ni kilo moja. Lita mia zikikaa juu ya vichwa vya wageni ni sawa na gunia zito la viazi linalongoja kuanguka. Anunuaye hema, basi, hanunui kitambaa na milingoti tu. Anunua kazi yenye ufundi wake, naye asipokuwa na watu waijuao, siku ya harusi ya mwanawe atakuwa juu ya ngazi badala ya kuwa pamoja na wageni wake.

Kuna jambo jingine linalowapotosha anunuaye na akodiye pia, nalo ni ukubwa. Hema huitwa "la watu mia", lakini mia hao wamekaa namna gani? Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: mtu anayekaa katika safu za viti, kama kanisani, ahitaji futi za eneo 6 hadi 8, mtu anayekaa mezani na kula ahitaji futi 10 hadi 12. Hema la futi 30 kwa 30 lina futi za eneo 900. Watu wakikaa kwa safu, hata mia moja na zaidi wataenea. Wakikaa kwenye meza za kulia, kwa kipimo cha futi 12, wataenea 75 tu. Tena kabla ya kuhesabu wageni sharti paondolewe mahali pa maharusi, pa keki, pa wapiga muziki, na njia ya wapakuaji wa chakula. Mwenye harusi asiyejua hili hulaumu hema, hali kosa ni la hesabu.

Je, basi, hakuna anayepaswa kununua? Wako. Mtu anayetaka kuifanya biashara, mwenye ghala kavu, njia ya gari na vijana wa kazi, na aliyekwisha kuona kwamba mahali pake pana harusi nyingi na mahema machache, anunue, lakini asinunue kwa sababu ya harusi ya mwanawe. Na lipo kundi la pili, nalo ni vikundi vya majirani.

Desturi hii si ngeni Kenya. Tangu miaka ya 1960 wanawake wa nchi za Wakikuyu walifanya vikundi vya kuchanga fedha na kununuliana mabati, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kila mama akapata paa lisilovuja. Katika miaka hiyo na ile ya 1970 watu wengi wa Nakuru walichanga vilevile, katika vyama na makampuni, wakanunua mashamba ya walowezi ambayo mtu mmoja hangeweza kuyanunua peke yake. Vikundi vya leo vyanunua mahema, viti na sufuria kubwa, vikavitumia kwa harusi na misiba ya wanachama, na kuvikodisha kwa wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi cha nyumba 20, kila nyumba ikiwa na shughuli moja tu kwa mwaka, kimekwisha kupata siku 20. Kwa hesabu ileile ya mfano, ikiwa kila mwanachama atalipa kama mtu wa nje, siku 40 zitatimia kwa miaka miwili, wala mtu mmoja hakuuza ng'ombe wake.

Lakini historia ya mashamba yale yale yafundisha jambo la pili. Mengi yalileta ugomvi na kesi za miaka mingi, si kwa kuwa kuchanga ni kubaya, bali kwa kuwa hati hazikuwekwa sawasawa na wanachama hawakujua fedha zao zilipo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kijiandikishe kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kiandike kanuni zake kabla ya kununua: hema litakaa kwa nani, ufunguo utashikwa na nani, mwanachama atalipa kiasi gani na mtu wa nje kiasi gani, wawili wakilitaka Jumamosi moja, nani atatangulia, na likipasuka, nani atalipa. Hata hema lililotolewa na mwanasiasa wakati wa uchaguzi, kama vikundi vingine vinavyopewa, lataka kuandikwa katika daftari hilo siku ile ile, lisije likageuka kuwa mali ya mwenyekiti.

Tena fedha za kununulia zisiwe za mkopo mkubwa. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Corona ulipoingia Kenya, Serikali ilizuia mikusanyiko, na harusi zikaahirishwa. Mahema yalilala ghalani. Aliyekuwa amenunua kwa akiba yake alipata hasara ya kungoja. Aliyekuwa amenunua kwa deni alipaswa kulipa riba ya kitu kisichofanya kazi.

Kwa jamaa yenye harusi moja, basi, njia iliyo njema ni kukodi, lakini kukodi nako kuna akili yake. Mwenye harusi asiridhike na bei aliyoambiwa katika simu. Aende akalione hema likiwa limesimama katika shughuli ya mtu mwingine, aangalie mishono na paa lake. Aagize mapema, hasa kwa Agosti na Desemba. Mapatano yaandikwe kwa maneno machache: idadi ya mahema, viti na meza, kuta za pembeni zimo au hazimo, gari na vibarua ni juu ya nani, arubuni ni kiasi gani, na itarudishwa au haitarudishwa siku ikibadilika. Ujumbe wa M-Pesa waonyesha kwamba fedha zimelipwa, lakini hauonyeshi zililipiwa nini. Hema lisimamishwe Ijumaa kukiwa bado na nuru, ili kasoro ionekane mapema. Viti vihesabiwe na watu wa pande zote mbili vikishushwa, na vihesabiwe tena vikipakiwa. Viti vingi "vilivyopotea" harusini havikufika kamwe. Jiko na moto vikae mbali na hema, upande ambao upepo hautokei. Na ikiwa uwanja ni wa umma, ruhusa ya Serikali ya Kaunti itafutwe kabla ya kadi kuchapwa.

Wala isisahauliwe kwamba huenda hema lisihitajiwe kamwe. Ukumbi wa kanisa au wa shule ulio karibu una paa, sakafu na vyoo, na gharama yake wakati mwingine ni ndogo kuliko ya mahema matatu.

Katika nyumba ile ya Bahati, karani amekwisha kusoma hesabu yake kwa sauti. Kukodi mahema matatu kwa siku moja ni shilingi 15,000. Viti na usafiri vikiongezwa, haitafika robo ya bei ya ng'ombe. Baba mdogo bado hajaridhika. "Lakini hema lingebaki letu," asema. Ndipo mama wa nyumba, aliyekuwa kimya akimenya viazi karibu na mlango, aomba kusema.

"Shemeji," asema, "ng'ombe huyo atoa lita 10 kila siku, na kwa maziwa hayo ndugu yako amesomesha watoto wawili. Yule wa tatu ataingia shule Januari. Ng'ombe huzaa, hema halizai. Mkipenda kuwa na hema, njooni mchange katika kikundi chetu, tulinunue polepole, lakini maziwa ya mtoto msiyaguse."

Baba mdogo acheka, akakubali, kwa maana neno hilo halina jibu. Mzee mwenyewe aamua hivi: mahema yakodiwe, na kila ndugu mwenye kutaka hema la jamaa aanze kuweka fedha kidogo kidogo katika kikundi, pasipo haraka wala deni.

Uamuzi huu huenda usiwe wa kila nyumba, kwa maana si wote walio na hesabu moja. Lakini swali ni moja kwa wote. Mtu asiulize, "Je, naweza kununua hema?" Aulize, "Hema hili litafanya kazi siku ngapi, na nitauza nini nilipate?" Akijibu kwa kweli, shauri lake litakuwa limekwisha nusu. Harusi ni ya siku moja. Jumapili asubuhi vijana watang'oa vigingi, gari litaondoka na mahema, na ua utabaki na nyayo za wageni. Na ng'ombe atakuwa zizini, akingoja kukamuliwa.